Chuma Kilipitaje?

Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu kiingilio kilikuwa shilingi 50, na mkanda ukishaanza haukusimamishwa kwa ajili ya mtu yeyote. Siku ile ulisimamishwa. Ilikuwa picha ya pili ya Terminator, ile ya 1991, na adui wa chuma cha majimaji ndiyo kwanza alikuwa ametokea na kumuua askari. Fundi baiskeli mmoja aliyekaa mbele akauliza kwa sauti: "Jamani, huyu kapitaje?"

Waliokuwa wameiona picha ya kwanza walimwelewa papo hapo. Mle, mwaka 1984, Kyle Reese anawaeleza polisi kwa nini hakuja na silaha za huko alikotoka: mtambo wa kusafirisha watu kwenda wakati mwingine haupitishi kitu kisicho hai. Jitu la Arnold Schwarzenegger lilipita kwa kuwa chuma chake kilivikwa nyama hai. Sasa huyu wa pili ni chuma kitupu, kuanzia unywele hadi kisigino. Mwenye deki alibonyeza kitufe ili watu wabishane bila kupitwa na kipande. Kelele zilipozidi, mzee mmoja akamaliza kesi: "Walimvika nyama, kama yai ndani ya kababu. Alipofika akaivua." Mkanda ukaendelea.

James Cameron, muongozaji wa picha zote mbili, hakuweka ndani ya filamu sentensi hata moja ya kulieleza jambo hilo. Mzee ndiye aliyeziba.

Leo kazi yangu ni kusoma miswada ya filamu kabla haijapigwa, nikitafuta panapovuja, na swali la yule fundi ndilo ninaloenda nalo kila mara. Tazameni alichouliza na alichoacha. Hakuuliza kama chuma cha majimaji kinaweza kutembea, wala kama mtu anaweza kurudi jana. Hayo aliyakubali mlangoni pamoja na shilingi 50 zake. Aliuliza kwa nini filamu imevunja sheria iliyojitungia yenyewe. Darasani tulifundishwa kuuita mpangilio wa matukio msuko, na aliyewahi kumwona bibi akisuka ukili anajua kwa nini: kila mwaa unapita juu ya mmoja na chini ya mwingine. Tundu hutokea pale mwaa uliopitishwa juu unapokosa kurudi chini.

Kwa kipimo hicho, mengi tunayoyaita matundu si matundu. Mizinga ya Star Wars inalia angani ambako hakuna hewa ya kubeba sauti, lakini filamu ile haikuwahi kutuahidi ukimya. Katika Signs ya 2002, viumbe wanaounguzwa na maji wanaivamia sayari iliyojaa maji. Huo ni ujinga, na historia ina wavamizi wajinga wa kutosha. The Matrix ya 1999 inanisumbua zaidi. Mashine zinawageuza binadamu kuwa betri, na wabishi hukumbusha kwamba mwili uliotulia hutoa joto la wati kama 100 tu, na kwamba chakula cha kuulisha lazima kibebe nishati isiyopungua hiyo. Basi ni biashara ya hasara. Hilo nalisamehe, ni kosa la fizikia. Nisilolisamehe ni kwamba Morpheus, katika maelezo hayohayo, anasema mashine zinayo pia nishati ya kuunganisha viini vya atomu, ile inayowaka ndani ya jua. Mwenye jua lake anahangaikia betri za nini?

Mgeuko wa ghafla, ule unaomfanya mtu ainuke kwenye benchi, ni ndugu wa tundu. Tofauti ni kwamba mwandishi alijua pale pana nafasi, akaiacha makusudi.

Mfano wangu wa siku zote ni Planet of the Apes ya 1968, iliyoongozwa na Franklin J. Schaffner. (Ambaye hajaiona aruke aya tatu, ingawa miaka zaidi ya 50 ni muda mrefu wa kutunza siri.) Mwanaanga Taylor, aliyechezwa na Charlton Heston, anaanguka na wenzake kwenye sayari wanayoamini iko mbali mno na Dunia. Saa ya chombo chao inasoma mwaka 3978. Wanakuta watu mabubu wanaoishi porini kama wanyama, na sokwe wenye mahakama, dini na bunduki. Sokwe hao wanazungumza Kiingereza.

Mtazamaji wa 1968 hakushtuka. Sinema za Hollywood zilishamzoeza kuwasikia Kaisari wa Roma na Farao wa Misri wakiongea Kiingereza, kwa hiyo cha sokwe nacho alikipokea kama desturi ya sinema. Taylor mwenyewe amejeruhiwa koo na anakaa kimya muda mrefu. Siku anapotamka neno, wanaopigwa na butwaa ni sokwe, kwamba kumbe binadamu anasema! Mshangao wao unaufunika ule uliopaswa kuwa wake. Mwishoni, ufukweni, anaikuta Sanamu ya Uhuru ya New York imefukiwa nusu mchangani, na anapiga magoti majini. Kumbe alikuwa nyumbani muda wote. Kiingereza kile kilikuwa ushahidi uliowekwa mezani saa nzima, na hakuna aliyeugusa. Riwaya ya Mfaransa Pierre Boulle ya 1963, ilikotoka filamu hiyo, haina ushahidi huo kwa sababu hauhitajiki: sayari yake ni nyingine kweli, na steringi inambidi akae chini ajifunze lugha ya sokwe.

Wabishi hawajanyamaza, na wana hoja. Taylor ameona farasi, ameona shamba la mahindi, ameona watu, amesikia lugha ya mama yake, na bado hashuku? Jibu langu liko mwanzoni mwa filamu, kabla hajawaona sokwe. Amewachoka binadamu, anatumaini kwamba mahali fulani kipo kiumbe bora kuliko wao. Mtu wa hivyo hana hamu ya kugundua kwamba hajafika popote. Kuna mwenzangu kazini ambaye jibu hilo halijamtosha, na tumekubaliana kutolizungumza wakati wa chakula.

Upo mgeuko mwingine unaoingia baada ya nguo kushonwa. Mwaka 1977, katika Star Wars ya kwanza, mzee Obi-Wan anamwambia kijana Luke kwamba adui yao, Darth Vader, alimuua baba yake Luke. Mwaka 1980 Vader anamwambia Luke kwamba baba ni yeye. Sidhani kama upo mgeuko uliosimuliwa mitaani zaidi kuliko huo, lakini haukuwamo tangu awali. Katika rasimu ya filamu ya pili aliyoiandika Leigh Brackett mwaka 1978, baba yake Luke anatokea kama mzimu, na Vader ni mtu mwingine kabisa. Ulipoingizwa ukatoboa nyuma, Obi-Wan akawa mwongo. Ikabidi mwaka 1983 mzimu wake uje kujitetea kwamba alichosema kilikuwa kweli ukikitazama kwa upande fulani. Uzi wa kiraka hicho unaonekana kwa macho. Hata hivyo nakipenda, kwa sababu ndivyo watu wazima wanavyowajibu watoto wanaouliza habari za baba asiyetajwa nyumbani.

Matundu mengine hutobolewa na mkasi. Katika Back to the Future ya pili, ya 1989, mzee Biff anaiba gari la kusafiria wakati, anarudi 1955, anampa Biff kijana kitabu cha matokeo ya michezo, kisha anarejea 2015 na kuikuta vilevile alivyoiacha. Haiwezekani, maana ameshaibadilisha historia yote. Tunamwona akishuka kwenye gari ameshika kifua, basi. Kipande kinachomwonyesha akififia na kutoweka kilipigwa, kikakatwa wakati wa kuhariri, na maumivu ya kifua yakabaki bila sababu. Mswada mzuri unaweza kufia hapo, chumba cha uhariri, kwa sekunde chache tu.

Katika Interstellar ya 2014, watu hurusha mawe kwenye mti usio na embe. Wanaikataa ile sayari ya maji ambako saa 1 ni sawa na miaka 7 ya Duniani. Kip Thorne, mwanafizikia mshauri wa filamu hiyo, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, naye mwanzoni alidhani haiwezekani. Alipokaa kupiga hesabu akaona inawezekana, ikiwa shimo jeusi lililo jirani linazunguka kwa kasi iliyo karibu kabisa na kikomo chake. Tundu lenyewe liko mbele ya macho yetu. Kuondoka Duniani, chombo chao kilinyanyuliwa na roketi kubwa ya hatua kadhaa. Kwenye sayari ile, ambayo mvuto wake ni asilimia 130 ya wa kwetu, chombo hichohicho kinapaa chenyewe kutoka majini. Hakuna aliyeguna ukumbini. Lilikuwa linakuja wimbi kubwa kama mlima, na sote tulitaka waondoke.

Kesi ambayo sijaweza kuifunga ni ya Avengers: Endgame, ya 2019. Filamu yenyewe inatangaza sheria: ukibadilisha yaliyopita hubadilishi maisha uliyotoka nayo, unachipusha tawi jingine la wakati. Kisha shujaa Steve Rogers anarudi nyuma kurejesha mawe ya nguvu yaliyochukuliwa huko, na badala ya kutokea tena kwenye jukwaa la mtambo, anaonekana mzee, ameketi kwenye benchi kando ya ziwa. Aliishi tawi gani? Waongozaji, ndugu Anthony na Joe Russo, walisema aliishi kwenye tawi jingine akarudi. Waandishi wa filamu hiyohiyo, Christopher Markus na Stephen McFeely, walisema alikuwa humuhumu kwetu miaka yote. Wanne hao walitengeneza picha moja, wakatoka nayo wakiwa na majibu mawili.

Rafiki yake, Sam Wilson, anasogea pale kwenye benchi, anaona pete ya ndoa kidoleni mwa mzee, anamwuliza kama angependa kumsimulia habari za mwanamke wa pete hiyo. Mzee anatazama ziwa, anatabasamu, na anakataa.