Kocha Anapovuta Bangi Mbele ya Watoto

Mama wa Bariadi hushukuru mtoto wake anapojiunga na timu ya mtaa. Jioni mtoto yuko uwanjani, hazururi sokoni, na kocha hadai malipo. Ndiyo maana mama akisikia kwamba kocha huyo huvuta bangi pembeni ya uwanja, mara nyingi hunyamaza. Anaogopa timu itakufa.

Akina mama wenzangu, tusinyamaze.

Wapo wanaosema bangi ni jani tu, tena huongeza pumzi. Si kweli. Hufanya moyo uende mbio, hudhuru mapafu kwa moshi wake, huchelewesha mwili kuitikia na huvuruga kukadiria muda na umbali. Moshi wa uwanjani hutawanyika upesi. Ule wa ndani ya gari au chumba cha kubadilishia jezi huingia hata kwa asiyevuta. Lakini kama muuguzi, hofu yangu kubwa ni nyingine. Watoto wawili wakigongana vichwa, mmoja akaanza kutapika na kusinzia, nani atatambua kwamba anapaswa kukimbizwa hospitali? Aliyelewa bangi atasema, "Mpeni maji, apumzike."

Tena mtoto humwiga kocha kuliko anavyomwiga baba yake. Ubongo huendelea kukua hadi miaka ishirini na kitu, na anayeanza bangi utotoni hujitafutia usahaulifu, uraibu na hata kuchanganyikiwa akili.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho habari za wakimbiaji, aliogopa asije akawafundisha wengine na mwenyewe akakataliwa. Michezo nayo inajua kukataa. Mwaka 2021 Sha'Carri Richardson wa Marekani alifungiwa mwezi mmoja kwa bangi, akakosa Olimpiki ya Tokyo. Alikiri, akarudi, na mwaka 2023 akawa bingwa wa dunia wa mita 100 huko Budapest. Kwa hiyo simwombei kocha wetu aangamie.

Nendeni kwake watu wawili au watatu, akiwa hajavuta, mbali na watoto. Mwambieni aache, na kama amekuwa mraibu mpelekeni hospitali. Akikaidi, mwoneni mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Lakini akimtuma mtoto kununua msokoto, au akimwonjesha, hapo hakuna kikao: siku hiyo hiyo nendeni dawati la jinsia na watoto polisi, au pigeni 116, simu ya watoto isiyo na malipo. Sheria ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza, kumiliki na kutumia bangi, na ukocha hauna msamaha humo.

Wakati huo mazoezi yasisimame. Wazazi wawili wakae uwanjani kwa zamu kila jioni. Jumamosi wengi wetu tuna mazoezi ya kwaya. Hiyo wapewe akina baba.