Rangi Nne za Ramani, Rangi Tatu za Ukingoni

Chukua ramani ya Afrika uitazame Malawi. Kaskazini imepakana na Tanzania, magharibi na Zambia, na sehemu yote iliyobaki imekumbatiwa na Msumbiji. Majirani hao watatu nao wanapakana wenyewe kwa wenyewe: Tanzania na Zambia pale Tunduma, Tanzania na Msumbiji kwenye mto Ruvuma, Zambia na Msumbiji kusini mwa Chipata. Mchora ramani anayetaka nchi zinazopakana zisifanane rangi atahitaji rangi nne kwa nchi hizi nne. Tatu hazimtoshi, azipange atakavyo.

Je, iko ramani inayodai rangi ya tano? Mwaka 1852 Francis Guthrie, kijana wa Uingereza, alikuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za England, akaona nne zinamtosha. Mdogo wake Frederick akalifikisha swali kwa mwalimu wake, Augustus De Morgan, jijini London. Francis mwenyewe baadaye alihamia Afrika Kusini, akafundisha hisabati Cape Town na kujulikana pia kwa utafiti wa mimea. Swali lake likabaki bila jibu hadi 1976.

Mwanahisabati hajali nchi ni ndefu au pana. Kila nchi anaifanya nukta, na zinazopakana anaziunganisha kwa mstari. Mchoro huo ni grafu, na ukichoreka kwenye karatasi bila mistari kukatana, ni grafu bapa. Ubapa huo unabana kuliko mtu anavyodhani. Kutokana na kanuni ya Leonhard Euler, grafu bapa yenye nukta 100 haiwezi kuwa na mistari zaidi ya 294. Kila mstari una ncha mbili, kwa hiyo ncha zote hazizidi 588. Zigawe kwa nukta 100: wastani haufiki sita. Basi lazima iwepo nukta yenye majirani watano au pungufu, na ndivyo ilivyo kwa kila grafu bapa, iwe na nukta kumi au milioni.

Hapo rangi sita zinapatikana bila jasho. Iondoe nukta hiyo, paka rangi zilizobaki, kisha irudishe: majirani wake wametumia rangi zisizozidi tano, ya sita ni yake. Kushuka hadi nne ndiko kulikowatesa watu. Alfred Kempe alitoa uthibitisho mwaka 1879, nao ukakubalika kwa miaka 11. Mbinu yake ilikuwa kufuata mlolongo wa nukta za rangi mbili, tuseme nyekundu na kijani, na kuzibadilishia rangi hizo ili rangi moja iachwe huru. Kwa nukta yenye majirani wanne mbinu inafanya kazi kabisa. Kwa majirani watano alilazimika kubadilisha milolongo miwili kwa pamoja, na mwaka 1890 Percy Heawood akaonyesha kuwa badiliko la kwanza linaweza kuharibu la pili. Hata hivyo Heawood hakuitupa kazi ya mwenzake. Aliitumia kuthibitisha kwamba rangi tano zinatosha daima.

Rangi nne zilithibitishwa na Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois, kwa kompyuta iliyokagua karibu maumbo 2,000 kwa zaidi ya saa 1,000. Mwaka 1997 kundi jingine la watafiti lilipunguza maumbo hayo hadi 633, na mwaka 2005 Georges Gonthier akauhakiki uthibitisho mzima, hatua kwa hatua, kwa programu ya kompyuta. Hakuna anayeutilia shaka. Ila bado ni uthibitisho ambao mtu hawezi kukaa akausoma hadi mwisho akiwa na kalamu tu.

Sasa weka sharti moja zaidi: nukta zote zikae ukingoni mwa mchoro, isiwepo hata moja iliyozingirwa. Tuziite grafu za ukingoni. Malawi na majirani zake hawawezi kupangwa hivyo, kwani kila ukijaribu, mmoja hujikuta ndani. Mwaka 1967 Gary Chartrand na Frank Harary walithibitisha kwamba umbo hilo ni moja kati ya mawili tu yanayozuia. La pili ni nukta mbili zinazounganishwa zote na nukta tatu zile zile. Grafu isiyoficha lolote kati ya hayo itapangika ukingoni.

Kwa sharti hilo moja, ugumu wa karne nzima unatoweka. Chora umbo lenye pande 12, kona zake zikiwa ndizo nukta, kisha ligawe kwa ndani kuwa pembetatu kwa kuunganisha kona zake bila mistari kukatana. Utapata pembetatu 10, wala si zaidi wala si pungufu. Pande ni 12, pembetatu 10, kila upande ni wa pembetatu moja, na hakuna pembetatu inayoweza kubeba zaidi ya pande mbili. Basi pembetatu mbili angalau zimebeba pande mbili kila moja. Kona iliyo kati ya pande hizo haina mstari wowote wa ndani. Majirani wake ni wawili tu. Iondoe, paka rangi zilizobaki, irudishe: rangi ya tatu inaisubiri. Nukta ziwe ngapi, rangi tatu zinatosha.

Urahisi huu una kazi. Mwaka 1973 Victor Klee aliuliza ni walinzi wangapi wanatosha kuona kila sehemu ya ukumbi wa makumbusho, kila mlinzi akisimama mahali pamoja na kugeuka atakavyo. Václav Chvátal alilijibu mwaka 1975: gawanya idadi ya kona kwa tatu, tupa baki. Miaka mitatu baadaye Steve Fisk akatoa hoja ambayo kwangu ni kati ya zinazopendeza kuliko zote katika hisabati. Gawa sakafu kuwa pembetatu, paka kona rangi tatu. Kila pembetatu ina kona moja ya kila rangi. Chagua rangi iliyotumika mara chache zaidi, simamisha walinzi kwenye kona zake. Pembetatu haina uchochoro wa kujificha, hivyo mlinzi aliye kwenye kona yake anaiona yote, na kila pembetatu imepata mlinzi. Kona 20, walinzi sita. Wala jibu halipunguziki kwa kila ukumbi: ukumbi wa kona 12 wenye umbo la kitana cha meno manne unadai walinzi wanne, mmoja kwa kila jino.

Simamisha nguzo moja ya mraba katikati ya ukumbi, na hoja ya Fisk inakwama, kwa sababu kona nne za nguzo hazipo ukingoni. Kwa kumbi kama hizo jibu lilichelewa hadi miaka ya 1990: hesabu kona zote, za nguzo zikiwemo, ongeza moja kwa kila nguzo, kisha ugawanye kwa tatu. Ukumbi wa kona 12 wenye nguzo hiyo una kona 16. Ongeza moja, gawanya, tupa baki. Walinzi watano wanatosha.