Saa Mpya Kwenye Pikipiki ya Babu

Mama msomaji, huenda nyumbani kwako pia kuna kitu kilichoachwa na mzee ambacho hakuna anayethubutu kukigusa. Kwa wengine ni cherehani, kwa wengine ni redio ya mbao. Kwetu hapa Iringa ni pikipiki. Ni Honda CG125 ambayo baba mkwe aliinunua mwaka 1981, akazunguka nayo vijijini kwa kazi yake ya ubwana shamba. Alipofariki mwaka 2009 ikawekwa ghalani, ikafunikwa turubai, na kuku wakapata mahali pa kutagia.

Mwaka 2022 kijana wetu wa kwanza alipata kazi mahali penye umbali wa kilomita 14 kutoka nyumbani. Baba watoto akaamua pikipiki ifufuliwe. Injini haikutusumbua sana, maana Honda hizo zilitengenezwa kwa ajili ya barabara kama zetu. Tatizo lilikuwa saa ya spidi. Siku ile ile ya kwanza kebo yake ilikatika. Tukanunua nyingine, nayo ikakatika kabla ya wiki kwisha, kwa sababu saa yenyewe ilikuwa imeshika kutu ndani.

Labda utasema, je, pikipiki haiendi bila saa? Inaenda. Lakini katika maeneo ya makazi sheria yetu inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, na kijana wa miaka 22 asiyejua anakwenda kasi gani ni jambo la kumnyima mama usingizi. Sisi lilitunyima.

Namba ya Mzee

Fundi akashauri tufunge saa ya kisasa, ile inayoonyesha tarakimu badala ya mshale. Bei yake ilikaribia gunia la mahindi, nasi tukaguna, lakini tukakubali. Aliyekataa ni mama mkwe. Alisimama mlangoni mwa ghala akauliza, "Na namba ya mzee mnaipeleka wapi?"

Hatukumwelewa mara moja. Kumbe katika saa ile ya zamani kulikuwa na namba 58,214. Ndizo kilomita alizoacha mumewe siku aliyoegesha pikipiki kwa mara ya mwisho, na mama mkwe alikuwa akiingia ghalani kuitazama.

Inafaa tueleze saa hizo zinavyofanya kazi. Kebo inazungushwa na gurudumu la mbele, nayo inazungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haigusi kikombe, bali inakivuta kwa nguvu zake, na kadiri inavyokwenda mbio ndivyo mshale unavyopanda. Ni ubunifu wa Mjerumani Otto Schulze, aliyepata hataza yake mwaka 1902. Gia ndogo pembeni ndizo zinazohesabu kilomita. Fundi alitwambia wazi kwamba akiifungua ili kuondoa kutu, gia zitaachia na namba inaweza kupotea.

Tukakaa kikao cha familia. Uamuzi ukawa kwamba saa ya mzee isiguswe, ibaki pale pale na namba yake, na ile mpya, ambayo ni duara dogo tu, ifungwe pembeni kwa kipande cha bati la alumini. Baba watoto alinung'unika kwamba pikipiki itaonekana ina macho mawili yasiyolingana. Ndivyo inavyoonekana mpaka leo.

Umeme wa Zamani

Hapa ndipo tulipopoteza fedha, na tunaomba akina mama wenzetu mkae macho kama mambo haya yatafika nyumbani kwenu. Pikipiki kama ile yetu hutumia betri ya volti 6. Saa mpya nyingi zinataka volti 12. Fundi wa kwanza aliiunganisha kwenye betri, haikuwaka. Bila kutuuliza akahamia kwenye waya wa taa ya mbele. Sasa, katika pikipiki ndogo nyingi za zamani waya huo haupiti kwenye betri kabisa. Unatoka moja kwa moja kwenye koili za injini, na umeme wake hupanda injini inapovuma. Ukikanyaga kiki taa ni hafifu, ukivuta mafuta taa inawaka sana. Balbu huvumilia, saa ya tarakimu haivumilii. Iliwaka kidogo, ikatoa harufu, ikazimika. Gunia la mahindi likaenda hivyo, na siku hiyo chakula cha jioni kililiwa kimya.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa kutengeneza redio. Alitueleza kwamba njia ni mbili. Ya kwanza ni kubadili pikipiki nzima iwe ya volti 12, yaani koili, kidhibiti umeme, betri, honi na balbu zote. Ya pili ni kuweka kifaa kidogo cha kupandisha umeme wa betri kutoka volti 6 hadi 12 kwa ajili ya saa peke yake, kwa kuwa saa hiyo inakula umeme kidogo sana. Tulichagua ya pili. Akaweka na fyuzi yake. Kabla ya kugusa chochote alitutaka tuchore kila waya na rangi yake kwenye daftari, na kazi hiyo tuliifanya sisi wanawake, yeye akituangazia tochi.

Tarakimu ziliwaka, lakini injini ikivuma zilirukaruka kama zimepagawa. Alibadili plagi akaweka ile yenye herufi R, ambayo hupunguza usumbufu wa cheche kwenye vifaa vya namna hii, nazo zikatulia.

Soko Limehama?

Saa mpya haitumii kebo. Sumaku hugundishwa kwenye gurudumu, na sensa hufungwa karibu yake, milimita chache tu. Kila sumaku inapopita, saa inahesabu. Kwa hiyo lazima iambiwe mzunguko wa tairi. Tulipiga alama ya chaki kwenye tairi na chini, tukasukuma pikipiki mpaka alama ikarudi chini, tukapima kwa futi ya cherehani: sentimita 182.

Kijana akaenda sokoni, umbali ambao sote tunajua ni kilomita 6. Saa ikaandika 12. Mama mkwe akauliza kama soko limehamishwa. Kosa lilikuwa kwamba fundi aligundisha sumaku mbili, na saa ilipangwa kwa sumaku moja. Ilichukua siku tatu kuligundua, na wakati huo saa ilikuwa imekwisha kuandika kilomita 76, nusu yake za uongo. Baada ya kuirekebisha, baba watoto alipanda nyuma ya kijana na saa ya mkononi wakaenda barabara kuu. Katika kasi ya 60, kilomita moja humalizika kwa dakika moja kamili. Walirudi wameridhika.

Kijana sasa anaona kasi yake hata usiku, nasi tunalala. Kuna jioni aliporudi akiwa na uso mzito, akakiri kwamba aliona 74 karibu na shule akapunguza. Zamani asingeiona.

Mama mkwe ana daftari lake. Kila Jumamosi humwita mjukuu amsomee tarakimu za saa mpya, huondoa zile 38 za uongo, kisha hujumlisha na namba ya mzee. Wiki iliyopita saa ilisomeka 1,854. Alipiga hesabu mara mbili kwa penseli, akaandika 60,030, akatuma mtoto aje kutuita tuone.