Utangulizi: Moyo Hutangulia, Mifupa Hufuata

Karibu kila mwanafunzi anayeingia katika elimu hii hunijia na swali lile lile: farasi wa mbio za masafa marefu atembezwe kilomita ngapi kwa wiki? Swali si baya, ila limewahi mno. Kwanza jiulize, ndani ya farasi huyu kipi kimekwisha kuwa tayari na kipi bado? Mwili wa farasi haukomai wote kwa wakati mmoja. Karibu kila balaa utakalolisoma katika sura zijazo lilianza na mtu aliyelisahau jambo hilo.

Mchezo wenyewe, kwa sura yake ya leo, ni wa juzi tu. Mwaka 1955 Wendell Robie, mfanyabiashara wa Auburn, California, na wenzake wachache waliondoka upande wa Ziwa Tahoe wakavuka milima ya Sierra Nevada hadi Auburn, maili 100, yaani kama kilomita 160. Walitaka kuonyesha kwamba farasi wa zama za magari bado anaweza kuimaliza njia hiyo kwa siku moja. Akaimaliza. Safari hiyo ndiyo ikawa mashindano ya Tevis Cup, na desturi ya maili 100 ndani ya saa 24 ikaenea duniani, mpaka kwenye majangwa ya Ghuba.

Mafunzo ya mchezo huu hayavutii macho. Kiswahili cha pwani, kilichokaa na punda zaidi kuliko farasi, kina maneno mazuri ya miendo: telki (hatua za haraka), matiti (mbio za polepole), shoti (mbio za kasi). Miezi ya mwanzo ni ya hatua za kawaida na matiti ya taratibu, saa baada ya saa, ikiwezekana milimani. Urefu wa njia huongezwa kwanza, kasi baadaye, na si vyote viwili katika wiki moja. Shoti ina zamu yake, lakini ni ya mwisho.

Sababu ni hii. Farasi aliyesimama kivulini moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akienda shoti kwa nguvu zake zote, hupita 200. Bandama yake ni ghala la chembe nyekundu za damu, na akianza kukimbia hujikaza na kuzimwaga katika mzunguko wa damu. Mashine hii ya moyo na damu hujifunza upesi. Wiki chache za mwendo mrefu wa polepole zatosha kuongeza ujazo wa damu. Misuli hufuata kwa miezi. Kano na mifupa huchelewa zaidi, tena mfupa una tabia ya fundi anayebomoa ukuta kabla ya kuujenga upya: huondoa kwanza sehemu za zamani, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo ya mazoezi unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Ukwato nao, kwa upande wa mbele, huchukua karibu mwaka mzima kukua kutoka kwenye nywele hadi ardhini.

Basi mpande farasi huyo katika mwezi wa tatu wa mafunzo. Anavuta hatamu, hahemi, mlima anaumeza. Mpandaji hufurahi na kumwachia. Huo ndio mtego. Moyo umekwisha kuhitimu, mguu bado uko darasa la kwanza.

Jasho nalo lina hila yake. Jasho la binadamu lina chumvi kidogo kuliko damu, hivyo akitoka jasho damu huzidi chumvi na kiu humjia. Jasho la farasi lina chumvi kama damu yake au kuizidi. Anaweza kupoteza lita 10 kwa saa, akaipita ndoo bila kuitazama. Ndiyo maana hupewa chumvi njiani, na ndiyo maana nyasi kavu ni muhimu kuliko nafaka usiku wa kuamkia safari: utumbo wake mpana ukijaa nyasi huhifadhi maji mengi ya akiba.

Chombo cha kwanza cha kununua si tandiko jipya. Ni kipimo cha kusikilizia moyo, kile cha daktari. Kiweke upande wa kushoto, nyuma kidogo ya kiwiko, pale unapopita mkanda wa tandiko. Utasikia sauti mbili, nzito kisha nyepesi. Zote mbili ni pigo moja. Wageni wengi huzihesabu kila moja peke yake, wakapata 128, wakaingiwa na hofu, kumbe farasi ana 64 na yu salama. Nambari hiyo, 64, utaizoea: katika mashindano ya kimataifa ndiyo kikomo ambacho moyo lazima ushuke kufikia, ndani ya dakika chache, kabla farasi hajaruhusiwa kuendelea.

Lakini moyo kushuka haraka hakumaanishi kwamba mguu uko salama. Kwenye mchanga tambarare wa Ghuba kasi ilipanda kuliko ilivyowahi kuwa milimani, na mwaka 2015 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi liliusimamisha kwa muda uanachama wa shirikisho la Falme za Kiarabu kwa sababu ya ustawi wa farasi. Kwa maoni yangu, tatizo halikuwa jangwa. Lilikuwa haraka.

Kinyume na haraka hiyo, waandaaji wa Tevis hawapokei farasi aliye chini ya miaka sita. Anayevuka mstari Auburn hajamaliza bado: hukimbizwa matiti mbele ya daktari wa mifugo, na akichechemea, maili zake 100 hazihesabiwi. Akipita, aliyempanda hupewa bizimu ya mkanda ya fedha, ile ile anayopewa mshindi.