Wati Zinazopotea Njiani

Sola za nyumbani hununuliwa kwa kudunduliza. Familia ya Mchikichini, Dar es Salaam, inaanza na paneli ya wati 100 na betri ya kuwasha taa. Biashara ikichangamka wanavuka Kariakoo kuongeza ya pili, kisha ya tatu yenye ukubwa mwingine kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na makali ya mgawo yakapungua, lakini muuza juisi anayepoteza mauzo ya mchana mzima umeme ukikatika bado anataka akiba yake juu ya bati.

Dukani tunauliza wati na bei. Namna paneli zitakavyoungwa tunamwachia fundi akishapanda juu, na hapo ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Njia ni mbili. Ukiunga chanya ya paneli moja na hasi ya nyingine, huo ni mfululizo, au sirizi kama mafundi wanavyosema: volti zinajumlishwa, ampea zinabaki zilezile. Ukiunga chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, ni sambamba: ampea zinajumlishwa, volti hazibadiliki. Chukua paneli nne za wati 100, kila moja ikitoa volti 18 na ampea 5.5. Kwa mfululizo utapata volti 72 na ampea 5.5, kwa sambamba, volti 18 na ampea 22. Kwenye karatasi zote mbili ni karibu wati 400.

Sasa ziteremshe kwenye waya. Tuseme kutoka kwenye bati hadi kwenye betri chumbani ni mita 10, yaani mita 20 kwenda na kurudi, kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Ukinzani wake ni kama omu 0.1. Nguvu inayogeuka joto ndani ya waya ni ampea zidisha ampea zidisha ukinzani. Kwa sambamba, ampea 22 zinapoteza wati 48. Kwa mfululizo, ampea 5.5 zinapoteza wati 3 tu. Paa ni lilelile, jua ni lilelile na waya ni uleule, lakini nusu ya paneli moja imeishia kupasha waya moto.

Joto la Dar es Salaam linaongeza tatizo. Namba za kwenye lebo hupimwa seli zikiwa na nyuzi joto 25. Mchana wa Februari, paneli iliyolazwa juu ya bati inaweza kufika 60. Kila nyuzi moja inapunguza kama asilimia 0.4 ya nguvu, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni volti. Zile volti 18 zinakuwa 15 na nusu hivi. Toa volti 2.2 zinazobaki njiani kwa sambamba (ampea 22 zidisha omu 0.1), unapata 13.3, wakati betri ya asidi ya volti 12 inataka karibu 14.4 ili ijae. Mwenye nyumba analaumu betri, ananunua nyingine, nayo haijai. Ndiyo maana nasisitiza paneli ziinuliwe juu ya bati angalau kiganja kimoja, upepo upite chini yake.

Mfululizo nao una masharti. Volti 72 zinahitaji kontrola, kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, ya aina ya MPPT, ambayo hushusha volti na kupandisha ampea. Kontrola ya kawaida ya PWM itaivuta paneli hadi volti za betri, na zilizozidi zitapotea zote. Pia mfululizo huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu, kama msururu wa watu kwenye uchochoro wa mitumba pale soko la Karume nyuma ya mwenye robota kichwani. Unga paneli ya ampea 5.5 na ya wati 50 yenye ampea 2.75: volti 36 kwa ampea 2.75 ni wati 99. Ile ya pili haikuongeza kitu. Hizo hizo zikiwekwa sambamba, kwa kuwa zote ni za volti 18, zinatoa wati 150.

Lakini usiweke sambamba paneli ya volti 18 na ile kubwa ya wati 300 yenye volti 32. Kubwa itavutwa chini hadi volti za ndogo, na itatoa karibu wati 170 tu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, igeuze paneli usome Vmp (volti) na Imp (ampea) kwenye lebo. Za mfululizo zilingane ampea, za sambamba zilingane volti.

Halafu kuna kivuli, na hapa Mchikichini ina shida yake. Nyumba za Kiswahili zenye mabati zimebaki chini ya maghorofa yanayozidi kuota upande wa Kariakoo. Kivuli cha ghorofa kikifunika paneli mbili asubuhi, ziunge hizo mbili mfululizo, zile mbili nyingine mfululizo, kisha makundi hayo mawili sambamba. Utakuwa na volti 36 na ampea 11, waya utapoteza wati 12, na kundi lililo juani halitasubiri lenye kivuli. Kwa paa nyingi za hapa, mimi ningechagua mpango huu.

Mwisho ni hatari ya moto. Mkondo wa paneli ni wa upande mmoja, yaani DC. Wa TANESCO hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche huzimika. Wa sola hauna sifuri, na cheche ikianza inaendelea kuunguza. Basi swichi ya kukatia iwe ya DC, na viungio visichomolewe mzigo ukiwa unavuta. Mtaa ulioona soko la Karume likiungua Januari 2022 unajua moto unavyoruka banda kwa banda.

Kabla ya kuunga kontrola, fundi aweke mita. Paneli nne za mfululizo, kila moja volti 22 bila mzigo, zisome 88. Mchana wa joto zikisoma 80 hakuna kosa. Zikisoma 40, moja imegeuzwa.