Annie Moore wa Kweli

Januari 1, 1892, Annie Moore, msichana kutoka Ireland, alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokewa kisiwani Ellis, New York. Yeye na wadogo zake wawili walisafiri kwa meli ya Nevada kuwafuata wazazi waliotangulia.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba alihamia Texas, akafa kwa kugongwa na tramu. Mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alifukua nyaraka, akakuta kwamba Annie Moore wa Texas alikuwa mtu mwingine, aliyezaliwa Illinois. Hakuwa mhamiaji hata kidogo! Annie halisi alibaki New York, akaolewa, akazaa watoto wengi, akafariki 1924. Ukweli huo ulitangazwa mwaka 2006, na ni faraja kwamba familia yake ilirudishiwa haki yake.

Wengi husimulia pia kwamba majina ya wahamiaji yalibadilishwa Ellis. Sivyo. Orodha za abiria ziliandikwa na watu wa kampuni za meli, tangu bandari ya kuondokea. Hata hivyo tahajia huyumba, na umri pia: Annie alikuwa na miaka 17, magazeti yakaandika 15. Kwa hiyo ukimtafuta mhamiaji katika orodha hizo, jina litafutwe kwa kila namna linavyoweza kuandikwa, kisha lilinganishwe na sensa na vyeti vya ndoa na vifo. Orodha za baadaye zina mengi zaidi: ndugu anayefuatwa, anwani yake, hata fedha alizobeba msafiri.