Maneno 60 na Vita Visivyo na Ukomo

Miongoni mwa mijadala mizito ya Marekani umo huu: ni nani mwenye idhini ya kuingiza taifa vitani? Katiba yao imelipa Bunge mamlaka hayo, lakini Bunge halijatangaza vita rasmi tangu mwaka 1942.

Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Seneti ilipitisha azimio la kumruhusu Rais kutumia jeshi kwa kura 98 bila ya kupingwa. Baraza la Wawakilishi likalipitisha kwa kura 420 dhidi ya 1. Kura hiyo moja ilikuwa ya Bi. Barbara Lee wa California, aliyehofia idhini isiyo na mipaka. Akatishiwa maisha.

Kiini cha azimio ni maneno 60 tu ya Kiingereza. Halikutaja nchi wala halikuwekewa muda. Ndipo likatumika hata Somalia, dhidi ya Al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 lilikuwa halijaundwa.

Sisi watu wa pwani hatuko mbali na jambo hili. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda, Lamu, wakaua Wamarekani watatu.

Watetezi wa azimio husema adui hangoji Bunge likutane. Hoja hiyo ina uzito siku ya shambulio. Baada ya miaka zaidi ya 20 haina tena. Twaona ni haki idhini ya vita iwe na muda, na wawakilishi waulizwe upya.